"Baba, kumbe sisi matajiri?" Ovataimu ya Novemba imetutoa Medicaid

Shikamoo Shangazi,

Niite Baba wa Watatu. Kwetu ni Kongo, lakini miaka kumi na tisa ya maisha yangu imeishia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, Tanzania. Mwaka 2017 jina letu lilitoka tukaletwa hapa Ohio, mimi, mke wangu na binti yetu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Leo ana miaka kumi. Wa pili ana sita, na wa tatu, kidume, kazaliwa Oktoba iliyopita. Sote wakubwa tuna grini kadi.

Nafanya kazi ghalani, napakia maboksi kwenye malori. Dola 19 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Mke wangu yuko nyumbani na mtoto. Ilipofika Novemba mizigo ya sikukuu ikafurika, msimamizi akatangaza saa 50 kwa kila mtu, na anayetaka kukataa aache kitambulisho mlangoni. Zile saa kumi za juu zinalipwa moja na nusu, kwa hiyo kila Ijumaa karatasi yangu ya mshahara ilisoma dola 1,045 kabla ya kodi. Sikulalamika, Shangazi. Nilimtumia mama hela ya mabati.

Wakati huohuo zikaja fomu za kuhuisha Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Nikajaza, nikaambatanisha karatasi nne za mwisho za mshahara kama walivyotaka, nikapeleka. Katikati ya Desemba ikaja bahasha nene. Nikaiweka juu ya friji pamoja na wenzake, maana hapa kila siku sanduku la barua limejaa matangazo ya pizza na ya magari, na bahasha nene ya Kiingereza mtu husema nitaifungua Jumapili.

Tarehe 3 Januari nikaenda kuchukua insulini. Nina kisukari mwaka wa tano sasa. Binti wa dirishani akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, akaandika, akaniuliza tena, akaandika tena, kisha akageuza kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Bei nzima. Nikamwambia nina kadi. Akasema kadi imekataa. Akakirudisha kile kifuko cheupe kwenye friji yao, nami nikatoka kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

Nyumbani tukaishusha ile bahasha. Binti yangu ndiye alisoma, ndiye mwenye Kiingereza kizuri kutuzidi. Akasoma, akanitazama, akasema: "Baba, wanasema pesa yetu imezidi. Kumbe sisi matajiri?" Mama yake akacheka, halafu akaanza kulia.

Barua ni ya tarehe 16 Desemba. Inasema kaya ya watu wanne, kipato dola 4,493 kwa mwezi, kikomo dola 3,698, na msaada umekoma 31 Desemba. Hakuna aliyeuliza kwamba kodi ya nyumba ni 1,350, wala kwamba kila mwezi natuma dola 250 kambini kwa mama na watoto wawili wa marehemu kaka.

Mzee mmoja kanisani ananiambia nipunguze saa nibaki na 30. Mwingine anasema tuandike kwamba mimi na mke wangu tumetengana, ati yeye atapata. Shemeji anajua mahali wanakolipa taslimu bila karatasi. Kazini bima ipo, lakini ya familia wanakata dola 410 kwa mwezi, sina. Mtoto ana chanjo mwezi huu. Mke wangu bado anaenda kliniki, presha ilimpanda wakati wa kujifungua.

Nifanye nini?

Baba wa Watatu, Ohio

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliipata usiku wa tarehe 6, na usiku uleule nilikujibu kwa kifupi kuhusu insulini, kwa sababu sukari haingoji safu itoke. Hayo nitayarudia chini kwa faida ya wengine. Sasa tukae, tuichambue hiyo karatasi iliyokuliza nyumba.

Miaka mingi nilikuwa mkalimani hospitalini, na barua za namna hii nimezisoma kwa sauti meza nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kitu cha kwanza ninachotafuta si pale palipoandikwa "umezidi". Natafuta jedwali la majina. Maana Medicaid haiijui familia. Inamjua mtu, mmoja mmoja, na kila mtu ana kikomo chake. Nyumba moja, meza moja, sufuria moja ya ugali, na bado mmoja yuko nje na wanne wamo ndani. Wewe umesoma namba moja ukaamini imewafunga wote. Inawezekana hata kompyuta yao imefanya kosa hilohilo.

Tuanze na mdogo. Mtoto anayezaliwa na mama mwenye Medicaid siku ya kujifungua anaingia moja kwa moja hadi atimize mwaka mmoja, na kipato cha baba hakiulizwi. Mwanao amezaliwa Oktoba 2025, kwa hiyo amekingwa mpaka Oktoba 2026 hata kama ungekuwa meneja wa hilo ghala. Ila angalia: barua inasema kaya ya watu wanne. Wewe, mkeo, binti, na wa pili. Kidume wako hayumo! Amezaliwa, analia usiku, anavaa nepi za pesa yako, na serikali bado haijamwona. Hilo ndilo la kwanza la kuwaambia, na cheti chake cha kuzaliwa mkononi. Chanjo asikose. Kliniki ya watoto ikikwambia hana kadi, waeleze kwamba mama alikuwa na Medicaid siku ya kujifungua. Hao maneno hayo wanayajua.

Mkeo. Ohio tangu Aprili 2022 inamshika mama miezi kumi na miwili baada ya kujifungua. Zamani ilikuwa siku 60 tu, na nimewaona akina mama wakikatwa na presha yao mwilini. Sasa kipato kikipanda katikati ya mwaka huo, yeye hatolewi. Kama jina lake limo kwenye orodha ya waliokatwa, wamekosea, na huhitaji kubishana nao habari ya ovataimu wala ya kodi ya nyumba. Sema tu tarehe aliyojifungua.

Wale wawili wakubwa: watoto Ohio wana kikomo chao, asilimia 206 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu. Kwa familia ya watu watano, kwa viwango vya 2025, hiyo ni zaidi ya dola 6,400 kwa mwezi. Hata tukiwaachia hesabu yao mbaya, ya watu wanne na dola 4,493, kikomo cha watoto ni zaidi ya 5,500. Wamo.

Anabaki nani? Wewe, mwanangu. Wewe peke yako ndiye unayepimwa kwa asilimia 138 ya mstari huohuo wa umaskini, ile iliyoletwa na sheria ya Rais Obama ya 2010 na Ohio ikaikubali kuanzia 2014. Na kwako wewe, hesabu ina makosa mawili yaliyobebana.

La kwanza nimeshalitaja: mko watano. Kwa viwango hivyo vya 2025, kikomo cha watu wanne ni kweli dola 3,698, lakini cha watano ni 4,330. Mtoto mchanga amekupa zaidi ya dola mia sita za nafasi, na hawajampa haki yake.

La pili ni Novemba. Nimechukua 1,045 yako nikaizidisha mara 4.3, kwa kuwa mwezi ni wiki nne na kidogo, nikapata 4,493. Nikajua papo hapo walichokifanya: walizitazama zile karatasi nne ulizoleta, zote za msimu wa mizigo, wakadhani hivyo ndivyo unavyoishi Januari mpaka Desemba. Kipato chako cha kawaida ni 760 kwa wiki, sawa na dola 3,268 kwa mwezi. Umo, tena kwa mbali. Tazama pia kwenye karatasi yako kama kuna mstari wa akiba ya uzeeni, ile wanayoiita 401(k), au malipo ya bima ya meno yanayokatwa kabla ya kodi. Hizo nazo hutolewa kwenye hesabu, na maofisa huzisahau kwa sababu jicho linakwenda kwenye namba kubwa ya juu.

Sasa nakuja kwa mzee wako wa kanisani anayetaka ufanye kazi saa 30. Mheshimu, msalimie, usimsikilize. Gawa 4,330 kwa 4.3: unaruhusiwa kama dola elfu moja kwa wiki. Maana yake unaweza kufanya saa zako 40 na ovataimu saa nane kila wiki, na bado umo. Watu wetu wengi wanakataa kazi kwa kuogopa mstari wasiojua uko wapi. Wanaacha dola 200 mezani kulinda msaada ambao wala haukuwa hatarini. Na kuna la mbele: sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 inataka, kufikia Januari 2027, watu wazima wa kundi lako waonyeshe saa 80 za kazi kwa mwezi. Wazazi wenye mtoto wa miaka 13 au chini wamesamehewa, kwa hiyo wewe usihangaike, lakini huu si wakati wa kujizoeza kupunguza saa.

Huyo wa kusema mmetengana, mwambie hapana, na usirudie mazungumzo hayo mbele ya watoto. Mnalala nyumba moja, mnajaza kodi pamoja. Uongo kwenye fomu ya serikali haubaki kwenye fomu ile. Mwenye grini kadi atakutana nao tena siku ya mahojiano ya uraia, meza ndogo, mtu mwenye faili. Na wewe umefika 2017, ulipaswa kuwa unajiandaa kwa hayo mahojiano, si kujitegea mtego. Shemeji na kazi yake ya taslimu, hivyohivyo. Akianguka kutoka kwenye lori siku moja, atatafuta karatasi asiione.

Kuhusu mama na watoto wa marehemu kaka. Hapa sina habari njema, na sitakupamba. Dola 250 unazotuma Nyarugusu hazitolewi kwenye kipato chako, hata senti. Wala huwezi kuwaweka kwenye kaya yako, kwa kuwa kodi ya Marekani haimhesabu tegemezi asiye raia anayeishi Tanzania. Ingemhesabu wa Canada au Mexico, wa Kasulu hapana. Nimewaona wanaume wazima wakibishana na mtu wa dirishani juu ya jambo hili, wakionyesha risiti za kutuma pesa, wakimaliza saa nzima na hasira yote kwenye hoja isiyo na mlango, na ile yenye mlango hawajaigusa. Kodi ya nyumba nayo haihesabiwi. Risiti zako ziache nyumbani. Nenda na cheti cha mtoto.

Utakwenda vipi? Njia mbili, na uzishike zote mbili kwa pamoja. Omba upya leo, kwa karatasi za mshahara za Januari. Medicaid inatazama kipato cha mwezi wa sasa, na Januari yako ni ya saa 40. Mwombe msimamizi barua fupi yenye nembo ya kampuni: ovataimu ya lazima ilikuwa ya msimu, imekwisha tarehe fulani. Mistari miwili inatosha. Ukikubaliwa, omba pia wakurudishie nyuma. Bado inaruhusiwa kurudi hadi miezi mitatu kabla ya ombi, kwa hiyo bili za siku hizi za katikati zihifadhi, usizitupe na matangazo ya pizza.

Njia ya pili ni rufaa. Ohio inakupa siku 90 tangu tarehe ya barua kutumwa, nami nimekuhesabia: mwisho ni 16 Machi 2026. Ungeomba ndani ya siku 15 za mwanzo, msaada ungeendelea mpaka uamuzi utoke. Hizo siku 15 zililala juu ya friji. Sikusemi, nami nina friji. Lakini rufaa bado ina kazi, hasa kwa mkeo na watoto, maana wao kukatwa ni kosa tangu siku ya kwanza. Fomu ya rufaa iko ndani ya bahasha ileile, mara nyingi karatasi ya mwisho. Andika sababu kwa maneno machache: mtoto hakuhesabiwa, mama amejifungua Oktoba, kipato kilikuwa cha msimu. Baki na nakala. Kama kuna ofisi ya msaada wa kisheria wa bure karibu nawe, kesi hizi wanazifahamu na hawatozi.

Na huku unangoja, mwili wako. Usipunguze dozi ili insulini idumu. Nimelazwa macho na wagonjwa waliofanya hivyo. Watengenezaji watatu wakubwa, Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, wana utaratibu wa dola 35 kwa mwezi hata kwa asiye na bima, lakini hauji wenyewe; lazima uuombe, upakue kadi yake, uionyeshe dirishani. Ndiyo niliyokutumia usiku ule. Daktari wako ahamie kwa muda kwenye kituo cha afya cha jamii kinachofadhiliwa na serikali kuu. Hivi viko katika miji yote mikubwa ya Ohio, hawamfukuzi mtu kwa kukosa pesa, na hupunguza bei kulingana na kipato mpaka asilimia 200 ya mstari wa umaskini. Beba karatasi za mshahara. Na sukari ikikuzidi usiku, nenda dharura bila kujiuliza: sheria ya 1986 inailazimu hospitali yenye chumba cha dharura ikupime na kukutuliza kwanza. Bili itakuja, ndiyo. Ikija kutoka hospitali isiyo ya faida, omba fomu ya msaada wa kifedha. Wanalazimika kuwa nayo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuijaza. Usilipe kwa kadi ya mkopo kabla ya kuiomba. Watu wetu hulipa kwa aibu.

Bima ya kazini umeikataa kwa sababu ya dola 410 za familia. Lakini familia yako, tumeona, ina pa kusimama. Uliza bei ya mtu mmoja. Aliyepoteza Medicaid ana siku 60 za kuingia kwenye bima ya mwajiri nje ya msimu wa kujiandikisha, na kwako zinaishia tarehe 1 Machi. Iweke kama akiba, endapo ombi jipya litakwama. Ila jua kuwa ghala likikupa bima ya bei wanayoiona nafuu, ile ruzuku ya soko la bima la serikali hutaipata kwa ajili yako.

Wanaonisoma Texas, Tennessee, Georgia, msichukue hesabu hizi mkakimbia nazo. Majimbo kumi hayakuukubali upanuzi ule wa Medicaid ulioletwa na sheria ya Obama, na Texas mtu mzima asiye na mtoto haingii hata akiwa na sifuri mfukoni, isipokuwa ana mimba, ulemavu au uzee. Mzazi naye kikomo chake ni kidogo hata kuona haya kukitaja. Nitaliandikia peke yake. Na ninyi mliofika kama wakimbizi ambao bado hamna grini kadi: kuanzia 1 Oktoba 2026 ile sheria ya Julai inawatoa wengi wenu kwenye Medicaid mpaka muwe nayo. Ukitimiza mwaka mmoja hapa unaruhusiwa kuiomba. Iombe.

Mwanangu, jambo moja limebaki. Ukipiga simu ofisini, kabla hujasema jina, sema neno moja: Swahili. Watakuunganisha na mkalimani, bure, ni haki yako kisheria. Ukingoja dakika kumi na tano, ngoja. Binti yako asisome tena barua hizi. Ana miaka kumi, na amekaa siku kadhaa akiamini baba yake ni tajiri asiyeweza kununua dawa. Mweleze kwamba walimsahau mdogo wake kwenye hesabu. Atakuelewa haraka, huenda hata akakasirika kwa niaba yake.

Kisha nipigie picha ule ukurasa wenye majina na unitumie. Nataka kuona kama la mkeo limo.

Shangazi